Saini ya Mwenye Kadi

Tarehe 4 Februari

Mama,

Shikamoo. Ulinifundisha kwamba barua huanza na hali ya anayeandikiwa, kisha hali ya mwandishi, ndipo shida. Leo nivumilie nianze na sauti. Ni sauti ya kitambaa cha mashine ya presha kinapobanduliwa mkononi: krrrp. Mara moja tu. Imenikaa sikioni tangu Alhamisi, hata mtu akichana karatasi kazini nashtuka.

Ulidhani umekata simu. Uliniaga, ukasema Sista anakuita, ukaitia simu kwenye pochi ikiwa bado hewani. Nilipaswa kukata mimi. Sikukata. Nilisimama kwenye ngazi za kazini nimebana simu sikioni kwa dakika saba. Nikasikia krrrp, nikasikia mwanamke akisema jambo kwa sauti ya chini ambalo sikulipata, kisha nikakusikia ukicheka. Si kile kicheko cha adabu unachowapa wageni. Kile kingine, kinachoanzia puani na kuishia kwa kupiga goti. Mara ya mwisho nilikisikia Baba akiwa hai. Miaka mitatu nakupigia kila Alhamisi na Jumapili. Nimekusimulia vituko vya ofisini, nimekuigizia sauti ya mkuu wa kitengo changu, na hukunipa kicheko hicho hata siku moja. Mtu asiye damu yako amekipata kwa sentensi moja.

Sasa nakuuliza kwa heshima zote: huyo Sista ni nani, na alisema nini?

Nina habari njema pia. Baada ya miaka miwili ya mikataba ya miezi sita sita, nimeajiriwa rasmi. Nimepewa kadi ya bima, na kadi inaruhusu mzazi mmoja awe mtegemezi. Niliandika jina lako kabla afisa utumishi hajamaliza kunieleza. Kuanzia sasa presha yako ni kazi yangu. Nitakutafutia mtu wa karibu na nyumbani, awe daktari au muuguzi mwenye kibali cha kutibu na kuandika dawa, ilimradi anapokea bima yetu. Nimeshaomba orodha ya vituo. Kwa hiyo usijifunge kwa mtu yeyote kwanza.

Mimi ni mzima, isipokuwa macho. Tunasahihisha kitabu cha hesabu cha darasa la tano. Nukta moja ikihama, mtoto wa watu anapata ng'ombe mia badala ya kumi.

Mwanao wa pekee

*

Tarehe 13 Februari

Mwanangu Bi Nukta,

Marahaba. Mimi mzima. Magoti ndiyo yanalalamika, lakini magoti yangu yalizaliwa yakilalamika. Fundi cherehani aliyepanga chumba cha mbele anakusalimu. Anauliza kama umepata mchumba. Nimemwambia umeolewa na kamusi.

Hongera kwa kazi. Nimemwambia kila mtu, hata muuza mkaa.

Kwa hiyo siku hizi unasikiliza simu za watu. Miaka thelathini nilikaa kwenye dirisha la ofisi ya shule, na wasikiliza milango nawajua kwa kuwaangalia masikio. Nimekusamehe. Ukirudia nitakuvuta hilo sikio, na ukubwa wako hautakusaidia.

Sista ni muuguzi. Baada ya uuguzi alirudi masomoni, akapewa kibali cha kutibu na kuandika dawa, na cheti chake amekitundika mahali ambapo hata aliyekuja kuuliza njia atakiona. Namkadiria miaka arobaini. Kituo chake kiko juu ya duka la magodoro. Ngazi kumi na nane, chumba cha kungojea chenye viti sita, na feni inayotikisa kichwa kama mzazi aliyeitwa shuleni. Fundi ndiye aliyenipeleka, baada ya kunikuta nimeshika ukuta wa ukumbini nikijifanya naukagua.

Siku ya kwanza hakunigusa. Aliniambia nirudi nyumbani nilete dawa zote nilizonazo, hata za zamani, hata za marehemu baba yako. Nikaleta lile kopo la biskuti. Akalimwaga lote mezani, akaanza kuchambua kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele: hiki cha presha, hiki nacho cha presha, hiki muda wake uliisha kabla hujamaliza sekondari. Akasema, "Mama, wewe huna ugonjwa, una duka." Mpaka leo hapimi mtu kabla ya kopo kumwagwa. Ndiyo desturi yake, na watu wanapanda zile ngazi na mifuko yao ikilia kama njuga.

Alhamisi ile nilicheka kwa sababu alinichekesha. Nikikuandikia utaanza kuisahihisha, na itakufa.

Alipofungua faili langu aliniuliza amwandike nani wa kupigiwa simu kwanza likitokea jambo. Nikakutaja wewe. Akauliza uko umbali gani. Nikasema siku moja na nusu kwa basi. Yeye aliandika tu. Fundi ndiye aliyeropoka kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Nikamwambia arudi kwenye sindano zake.

Hiyo bima ni neema, mwanangu. Basi waulize kama wanampokea Sista. Mwaka jana aliomba kusajiliwa nao, na bado anangoja jibu. Wakimpokea sina haja ya kwenda kwingine. Ni mwendo wa dakika kumi, na mahali pa kupumzikia njiani napajua.

Na wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Wewe hapo ulipo huna cha kupunguza.

Mama yako

*

Tarehe 24 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini magoti yametulia na ukumbi umeacha kukaguliwa. Mimi ni mzima wa mwili.

Sina wivu. Neno hilo umelitumia kwa haraka. Mwenye wivu hutaka kilicho cha mwenzake. Mimi nazungumzia kilicho changu.

Kazi uliyonipa nimeifanya. Niliipata orodha ya bima, na katika mji wetu kuna vituo kumi na kimoja. Nimevipigia vyote, saa ya chakula, siku tatu mfululizo, nimekaa ngazini na daftari magotini. Cha kwanza alipokea mtu wa gereji. Zahanati ilihama zamani, akasema, lakini kama nina gari bovu nilete. Cha pili wanapokea bima yetu, ila hawachukui tena wagonjwa wapya. Cha tatu mpokezi aliniuliza kadi ni ya rangi gani. Nikasema ya buluu. Akasema ya buluu hapana, kwa sauti ambayo mtu hutumia kumwambia mwenzake kwamba kiatu chake kimekanyaga uchafu. Cha nne ni cha macho. Cha tano na cha sita hawakupokea simu siku zote tatu. Wa kituo cha saba alikuwa na roho nzuri. Aliniuliza namtafutia nani, nikasema mama yangu. "Basi mtafutie wa karibu, dada," akasema, "mgonjwa wa presha akishazoea mtu mmoja usimhamishehamishe." Nikamshukuru, nikaandika alama ya mkato kwenye daftari, nikaendelea.

Huyo Sista hayumo kwenye orodha. Nimeipitia herufi kwa herufi kama ninavyopitia kitabu, kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Kituo chake hakipo. Pole.

Nimekuchagulia Kliniki Kuu ya ng'ambo ya mji, ile yenye lifti na milango ya vioo. Ina madaktari sita. Jina lako limeshasajiliwa hapo, na tarehe 5 una miadi saa tatu asubuhi. Bima inalipa pale mgonjwa aliposajiliwa tu, kwa hiyo kwa Sista hapatakuwa na sababu ya kwenda tena.

Niache niseme jambo moja, kisha nitanyamaza. Nilipougua surua ulikuwa ukinipima joto kwa mgongo wa mkono wako. Nilikuwa na miaka sita, na niliamini mkono ule unajua kusoma. Nikajiambia nikiwa mkubwa nami nitakupima hivyo. Badala yake niko huku nahesabu ng'ombe wa darasa la tano, na kila Alhamisi mwanamke mwingine anakushika mkono. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Nilidhani ni methali ya urithi wa mashamba. Kumbe hata mama.

Mwanao

*

Tarehe 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hali yangu si mbaya. Kichwa chepesi kidogo siku hizi, labda ni joto. Wewe je, macho?

Nimekwenda Kliniki Kuu yako. Magari mawili kwenda, mawili kurudi. Lifti ni nzuri. Nilipanda mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikushuka kwa wakati. Nilipewa namba, nikangoja, nikapewa namba nyingine. Daktari ni kijana msafi. Usoni mwangu hakutazama, lakini kompyuta yake aliitazama kwa mapenzi ya kweli. Nilikuwa nimebeba kopo langu, maana nilipokutana na Sista barabarani na kumuaga alisema, "Haya Mama, nenda, lakini kopo ulimwage." Basi nikalitoa kwenye mkoba, nikaliweka mezani. Yule kijana akaona kopo la biskuti akadhani nimemletea zawadi. Akaniambia kwa upole kwamba hawaruhusiwi kupokea. Watu watatu waliongoja zamu nyuma yangu walikuwa wamesimama mlangoni, nikaona haya, nikalirudisha.

Ameniandikia dawa mpya ya presha, kidonge cheupe chenye jina refu. Nakimeza kila asubuhi pamoja na vyangu vya siku zote. Kwa hiyo usiseme mama yako ni mkaidi.

Sista hakununa. Alhamisi zangu sasa nakaa barazani na fundi, ananisimulia nguo za wateja. Amenuna yeye kwa niaba ya Sista.

Jambo moja tu, mwanangu. Nimeshika fomu za watu miaka thelathini. Fomu iliyokataliwa hurudi na muhuri wa kukataliwa. Ile isiyorudi kabisa, mara nyingi imelala kwenye meza ya mtu. Sista bado hajarudishiwa kitu. Sikuulizi. Nakukumbusha tu kazi niliyokuwa nikifanya.

Mama yako

*

Tarehe 17 Machi

Mama,

Shikamoo. Nafurahi umekwenda, na umepata dawa mpya. Unaona? Jambo lilihitaji tu mtu wa kulisimamia.

Kichwa ni joto, kunywa maji. Miadi ya pili ni mwezi wa tano, usiikose.

Kuhusu fomu, ofisi za bima si ofisi za shule. Mambo yao ni ya kompyuta.

Hujasema kama bado unampitia Sista kumsalimu. Ngazi kumi na nane kwa ajili ya salamu ni nyingi, Mama. Uhifadhi magoti.

Kitabu kimekwenda kiwandani. Mkuu wa kitengo amesema hajawahi kuona sahihisho safi kama langu. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu.

Mwanao

*

Tarehe 20 Aprili

Mwanangu,

Usishtuke kwa mwandiko. Maneno ni yangu, mkono ni wa Sista. Nimemwambia aandike kila ninachosema na asiongeze adabu zake. Anaguna, lakini anaandika.

Kwanza hali yako. Ulipopiga simu Jumapili sauti yako ilikuwa nyembamba. Unakula?

Sasa yangu. Tarehe 2 nilianguka bafuni. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika, na kichwani nilipata jeraha ambalo limeshafunga. Nimewekewa plasta mpaka karibu na kiwiko. Utaniuliza kwa nini sikukwambia kwenye simu. Ulipopiga nilikuwa kitandani na bandeji kama kilemba, nikakwambia niko jikoni nasugua sufuria. Nikasema nikupe uongo mdogo, ulale. Sista amesema leo aidha nakuandikia au anakuandikia yeye. Kwa hiyo ujue nimeshikiwa kalamu kama bunduki.

Fundi ndiye aliyesikia kishindo. Alinikuta sakafuni maji yanaendelea kutiririka. Alikupigia wewe kwanza, kwa simu yake, kama ilivyoandikwa kwenye daftari langu la namba. Alipiga mara tatu. Ndipo akampigia Sista. Alikuja na ndala za wodini, ameacha watu sita kwenye viti sita, na kitu cha kwanza alichouliza baada ya kunifunga ni kopo liko wapi. Akalimwaga juu ya kitanda changu.

Kidonge cheupe chenye jina refu na kile changu cha zamani cha rangi ya waridi ni kitu kimoja, mwanangu. Makampuni mawili, majina mawili, dawa moja. Nilikuwa nameza dozi mbili kila asubuhi kwa wiki nne. Presha ilishuka mpaka Sista akapima mara tatu akidhani mashine imeharibika. Simlaumu yule kijana. Nilitoa kopo, nikalirudisha mwenyewe kwa aibu ya zawadi.

Hapa Sista anataka niseme kwamba sasa naendelea vizuri. Naendelea vizuri. Nimesema, ameridhika.

Kinachonikera ni kwamba anakuja nyumbani kila Alhamisi kunipima na hataki nimpe kitu, nami siwezi kuwa mgonjwa wa bure kwa mtu mwenye kodi ya chumba. Nimemwambia hii ndiyo Alhamisi ya mwisho. Kama bima haimpokei, basi haimpokei. Nitarudi kwenye lifti.

Nimechoka kusema. Kula, tafadhali.

Mama yako

Dada, haya naongeza mimi wakati Mama yupo ndani anatafuta bahasha. Jana niliwapigia watu wa bima. Kituo changu wamekikubali tangu Januari. Barua yao walikuwa wameituma kwenye anwani ya chumba nilichohama. Walinieleza pia kwamba fomu ya kumhamishia Mama kwangu ilitumwa kwako tarehe 21 Februari, na kwamba bila saini ya mwenye kadi hawawezi kufanya lolote. Mama sijamwambia. Hilo nakuachia wewe. Sijui nimekukosea nini, na sina muda wa kujua. Mama yangu mimi alifariki nikiwa zamu katika hospitali hiyo hiyo alimolazwa, wodi ya pili kutoka kwake, kwa hiyo usifikiri sikielewi unachokiogopa. Sitaki nafasi yako. Nataka saini yako.

Muuguzi wa juu ya duka la magodoro

*

Tarehe 29 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mkono unaendeleaje? Plasta inawasha? Usiingize sindano ya kufumia ndani yake, nakujua.

Nitasema kwa mpangilio, kwa sababu nisipoushika nitaanza kujitetea.

Tarehe 21 Februari, siku tatu kabla ya kukuandikia kwamba Sista hayumo kwenye orodha, niliwapigia watu wa bima nikawatajia kituo chake. Mwanamke aliyepokea alinicheka kidogo. "Dada, orodha uliyoshika ni ya mwaka jana. Huyo tunampokea. Nakutumia fomu, wewe tia saini tu." Fomu ilifika mchana huo. Niliichapisha. Ilikuwa na ukurasa mmoja. Nikaisoma nikitafuta kosa, na haikuwa na kosa. Nikaitia kwenye droo ya meza yangu ya kazi, chini ya kamusi uliyoninunulia nilipofaulu.

Nilichokuandikia kilikuwa kweli neno kwa neno: jina lake halikuwamo kwenye ile orodha. Nililipwa mshahara wa mwezi huo kwa kurekebisha makosa ya watu wengine, na kosa hilo moja nikaliacha likae, kwa sababu lilinipendeza.

Nawe ulijua. Uliponiandikia habari za fomu zisizorudi nilijua kwamba unajua, nikakujibu kwa dharau, kwamba ofisi za bima si ofisi za shule. Sentensi hiyo nikiikumbuka uso unaniwaka.

Kuna nyingine. "Nakimeza kila asubuhi pamoja na vyangu vya siku zote." Nimeitoa barua yako nikaisoma tena. Nakumbuka nilivyoisoma mara ya kwanza. Nilipita juu yake nikitafuta jina la Sista, kujua kama bado unapanda zile ngazi. Mkuu wa kitengo amenisifu kwa kuona nukta iliyohama kwenye ng'ombe. Dozi mbili za mama yangu, zimeandikwa kwa mwandiko ninaoujua kuliko wangu, sikuziona.

Na simu. Tarehe 2 Aprili, asubuhi, ilikuwa kwenye droo hiyo hiyo, mlio nimeuzima, kama tunavyotakiwa tukiwa chumba cha kusahihishia. Nilipoitoa saa ya chakula nikakuta namba nisiyoijua imepiga mara tatu. Nikafikiri ni watu wa matangazo. Sikuirudia. Simu yangu na fomu yako zililala droo moja asubuhi yote, Mama, fundi akinitafuta na wewe uko sakafuni, na mimi nimekaa juu yao nasahihisha kitabu cha sayansi kimu.

Sitakuomba unisamehe katika barua hii. Ukinisamehe kwa mzaha, kama ulivyozoea, nitaamini haraka mno.

Wala sitakuambia kwamba wivu umekwisha. Niliusoma mwandiko wa Sista, zile herufi zake zilizosimama wima, na kwa muda nilichukia kwamba anajua unavyotamka, mahali unapositasita, mahali unapocheka katikati ya sentensi ukangoja mtu amalize. Bado nataka kujua alisema nini siku ile ukacheka. Naona sasa kwamba kicheko kile hakikuchukuliwa kutoka kwangu. Kilikuwa chako, ukampa. Naliandika hili na bado linaniuma, lakini sitauliza tena.

Sista nimemwandikia barua yake peke yake. Ni fupi. Fundi nimempigia, alinigombeza kwa dakika kumi, kisha akaniuliza kama nimepata mchumba.

Jana asubuhi niliomba ruhusa kazini, nikaitoa fomu chini ya kamusi, nikaenda nayo mwenyewe kwenye ofisi ya bima. Nilitaka kuiona ikipokewa. Dirisha la tatu, karani ni mama wa umri wako, miwani imeshuka puani. Aliisoma yote, na wewe ungempenda kwa hilo. Akaniuliza mbona imekaa miezi miwili. Nikasema ilikuwa mezani kwangu. Akanitazama juu ya miwani, akanisogezea kalamu.

Nikatia saini. Kuanzia jana wewe ni mgonjwa wa Sista, kwa kadi, si wa bure kwa mtu. Alhamisi nenda na kopo lako.

Chini ya saini pana mstari wa mtu wa kupigiwa simu kwanza, na pembeni yake uhusiano wake na mgonjwa. Mstari huo niliujaza Februari kabla sijaujaza mwingine wowote, kwa wino mzito, jina langu. Nilimwuliza karani kama ninaweza kubadilisha. Akasema nikate kwa mstari mmoja, nisifute, ili lililokuwapo lisomeke, halafu niandike juu yake. Nikalikata jina langu. Nikaandika la Sista na namba yake, na kwenye uhusiano nikaandika: muuguzi wake, yuko karibu. Jina langu nimeliandika upya kwenye mstari wa pili. Karani akagonga muhuri nikiwa bado nimeshika kalamu, akanipa nakala, na nakala hiyo nimeikunja ndani ya barua hii.

Mwanao